Jinsi nilivyoifundisha VS Code zabibu na uwele

Programu yetu ni ya wakulima wa Dodoma, na majina ya vigeu (vibebeo vya thamani ndani ya msimbo) tunayaandika kwa Kiswahili: beiZabibu, kilo_uwele, shambaMakutupora. Msimbo tunauandika katika kihariri cha VS Code. Kikaguzi cha tahajia tunachotumia humo, Code Spell Checker, huanza kikijua Kiingereza, basi kila faili lilijaa mistari ya mawimbi na makosa ya kweli yakazama humo.

Wenzangu walikuwa wakiongeza neno mojamoja kwenye mipangilio yao binafsi. Haisaidii: kompyuta ya jirani bado inalalamika.

Nilitengeneza faili la kawaida la maandishi, kamusi/kilimo.txt, kila neno na mstari wake. Kisha katika cspell.json, faili la mipangilio ya kikaguzi kwa mradi mzima, nikalitaja chini ya dictionaryDefinitions, jina pamoja na njia yake, nikaweka addWords kuwa true ili maneno mapya yaingie humo. Jina hilohilo lazima lirudiwe kwenye dictionaries, la sivyo kamusi ipo lakini haitumiki. Yote yakaingia Git, mfumo tunaoshirikiana msimbo, hivyo kila mwenzangu akayapata.

Kikaguzi hukata majina penye herufi kubwa na kistari cha chini, kwa hiyo shamba na Makutupora yanatosha. Bei haikuhitajika hata kidogo: maneno yasiyofika herufi nne hurukwa.

Kinachochosha ni ngeli. Orodha haina sarufi, hivyo mkulima na wakulima huandikwa kila moja peke yake. Hunspell, kikaguzi kingine cha tahajia, ina faili la kanuni za viambishi, ila kwa mradi mdogo huo ni kuchinja ng'ombe kwa supu ya mtu mmoja.

Mwishoni niliongeza !grape (zabibu kwa Kiingereza) kwenye kamusi hiyo. Alama hiyo ya mshangao hulipiga neno marufuku, na sasa anayechanganya lugha anaonywa papo hapo.