Roboti ya Sentimita 12 kwenye Meza ya Vita

Roboti kubwa haionekani kubwa kwa sababu ya urefu wake kwenye rula. Huonekana kubwa kwa sababu paa la nyumba limefika gotini mwake, na gari lililoegeshwa pembeni linatoshea chini ya unyayo wake. Naanza na hilo kwa sababu kila anayeniuliza kama modeli za Gunpla, yaani modeli za plastiki za roboti wa katuni ya Gundam, zinafaa kwa michezo ya vita ya mezani huulizia kwanza sheria za mchezo, ilhali sheria ndizo nyepesi kuliko yote. Kinachosumbua ni skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko kitu chenyewe.

Modeli ya kwanza ya Gunpla ilitolewa na kampuni ya Bandai Julai 1980, miezi michache baada ya katuni ya Mobile Suit Gundam kumalizika kwenye televisheni ya Japani, na iliuzwa kwa yeni 300. Skeli yake ilikuwa 1/144. Kwa kuwa Gundam yenyewe ina kimo cha mita 18, modeli hiyo husimama sentimita 12.5. Tangu hapo zimekuja skeli nyingine, zikiwemo 1/100 ya daraja la Master Grade, iliyoanza 1995 na kufikia sentimita 18, na 1/60 ya Perfect Grade, iliyoanza 1998 na kufikia sentimita 30. Hizi mbili ni fahari ya kabati. Mezani ninazikataa, kwa sababu ukiweka Perfect Grade mbili kwenye meza ya kulia chakula umeshamaliza uwanja wote wa vita.

Kwenye 1/144 mtu wa kawaida huwa na milimita 12, ghorofa moja ya jengo huwa na sentimita mbili hivi, na ile taksi ya abiria 14 tunayoipanda hapa Kampala huwa na urefu wa sentimita tatu na kitu. Roboti ya mita 18 kwa hiyo inalingana na jengo la ghorofa sita. Skeli hii ina ndugu wengi: ndege za kivita za plastiki hutengenezwa kwa 1/144, wapo askari wadogo wa milimita 10 na 12, na majengo ya modeli za reli za Kijapani ya 1/150 hayaachani nayo kiasi cha jicho kutambua. Mwenye askari wa milimita 28 wa Warhammer 40,000 anaweza pia kuitumia roboti hiyohiyo, ila ajue kwamba mbele ya askari hao itaonekana kama mashine ya mita saba tu. Si vibaya, lakini huo ni mchezo mwingine, na katika mashindano yanayoandaliwa na Games Workshop, kampuni inayoutengeneza Warhammer, modeli za kampuni nyingine hazikubaliwi.

Tunaocheza pamoja tumetoka Arua, Mbale na Goma, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha mezani. Tulichagua sheria za BattleTech, mchezo wa Kimarekani uliotoka 1984, kwa sababu unahesabu kila kitu ambacho roboti inaweza kupoteza. Vibonzo vyake rasmi, yaani sanamu ndogo za roboti, ni takriban 1/285, na huchezwa kwenye ramani yenye pembesita 15 kwa 17, kila pembesita ikiwakilisha mita 30. Gunpla haiingii kwenye pembesita ya sentimita tatu. Dawa yake ni kuiacha ramani na kupima kwa futi kamba, pembesita moja ikihesabiwa kuwa sentimita 10. Ramani nzima basi inakuwa meza ya takriban sentimita 150 kwa 170, ambayo unaipata kwa kuunganisha meza mbili za kawaida. Mtu wa hesabu atasema kwamba mita 30 kwenye 1/144 ni karibu sentimita 21, si 10. Ni kweli, lakini ukifuata hesabu hiyo utahitaji meza ya zaidi ya mita tatu kila upande, na hakuna mkono wa kufika katikati. Umbali tumeukata nusu, kimo tumekiacha kamili, na hakuna aliyewahi kulalamika baada ya dadu la kwanza kurushwa.

Faida halisi ya Gunpla ni viungo vyake. Katika BattleTech roboti inaweza kutembea ikielekea upande mmoja huku kiwiliwili kikigeuka nyuzi 60 kulia au kushoto ili kulenga adui, na kwenye kibonzo cha chuma jambo hilo unalikumbuka kwa kichwa au kwa alama ya karatasi. Gunpla ina kiuno kinachozunguka. Unakigeuza, na kila mtu mezani anaona bunduki imeelekea wapi. Roboti ikianguka, unailaza. Ikipigwa hadi ubavu wa kushoto wa kiwiliwili ukaharibika kabisa, sheria zinasema mkono wa kushoto nao umekwenda, nasi huuchomoa mkono begani na kuulaza palepale ulipodondoka. Uzuri ni kwamba sheria zinaruhusu roboti nyingine kuuokota mkono huo na kuutumia kama rungu. Kwenye karatasi hiyo ni sentensi ya kuchekesha. Mezani, Zaku ya kijani, roboti ya maadui wa Gundam, inapokuja mbio imeinua mkono wa mwenzake, hata dada yangu anayetuona wehu husogeza kiti karibu.

Lakini modeli hizi zilibuniwa ziwekwe kwenye rafu, hazikubuniwa zichomolewe mikono kila Jumamosi. Viungo vingi vya High Grade, daraja la modeli za 1/144, hukaa juu ya vibanio vya plastiki laini ambavyo hulegea kadiri vinavyochezewa, na bega lililolegea haliwezi kuinua bunduki ndefu. Paka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kichwa cha kiungo, acha likauke kabisa kabla ya kukirudisha, na bega litakaza tena. Kipande chenyewe, wakati wa kukikata kutoka kwenye kijiti kinachokishikilia, kikate mara mbili: kwanza mbali kidogo, kisha karibu, kwa sababu mkato mmoja wa karibu huivuta plastiki na kuacha doa jeupe lisilofutika. Kikata kucha kinatosha kama hujapata pliazi ndogo. Malizia kwa msasa wa 400 na wa 800. Rangi za mafuta zinazomiminwa kwenye mifereji midogo ya mwili wa roboti zitumie kwa uangalifu, maana kiyeyushi chake hupenya kwenye plastiki iliyobanwa, hasa ile ngumu iitwayo ABS, na kuipasua. Kwa modeli ya kuchezea napendelea kupaka mifereji kabla ya kuunganisha viungo, au kutumia penseli tu. Zile pembe za kichwani huja na ncha nene kwa ajili ya usalama wa watoto. Wenye rafu huzichonga zikawa kali kama sindano. Sisi tunaziacha nene, nazo hazivunjiki.

Jambo jingine ni kuanguka. Roboti nyingi hubeba mizigo mizito mgongoni na hupinduka nyuma mtu akigusa tu meza. CD kuukuu ni kitako kizuri: ina kipenyo cha sentimita 12, na ukibandika sarafu chache chini yake kisha ukamwaga gundi na mchanga juu, roboti haitikisiki. Ukingoni mwa kitako tunachora mistari ya kuonyesha mbele, ubavu na nyuma, na vipimo vyote vinaanzia hapo, si kwenye ncha ya upanga.

Fedha iliyobaki iende kwenye mandhari, na kusema kweli hata hiyo si nyingi. Kadibodi ya maboksi ya Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, ndiyo kuta za ghorofa, na stairofomu inayofungia majokofu hukatwa ikawa vilima, kitu ambacho mkazi wa Kampala hahitaji kuelezwa. Ipake kwanza gundi nyeupe au rangi ya maji kabla ya kupuliza rangi ya kopo, la sivyo kilima kitayeyuka mbele ya macho yako. Migomba ndiyo inayonifurahisha zaidi. Mgomba wa mita nne huwa sentimita 2.8, kwa hiyo vipande vya karatasi vilivyosokotwa kwenye waya vinatosha, na shamba la migomba hamsini hukaa kwenye kipande cha kadibodi kisichozidi kurasa mbili za daftari. Weka Gundam katikati yake, majani yakiishia chini kidogo ya goti. Hapo ndipo mgeni hunyamaza na kuanza kuipiga picha, wakati roboti hiyohiyo mezani peke yake aliipita bila kuigeukia.

Viungo vya Gunpla navyo vilituletea ugomvi mmoja unaostahili kutajwa. Roboti inayoweza kupiga goti inaweza kujificha nyuma ya nyumba iliyo fupi kuliko kimo chake, na mtu mwenye kibonzo kisichokunjika hana nafasi hiyo. Mwenzetu wa Goma aliipigisha roboti yake magoti katikati ya zamu akasema, "Kaka, ameinama tu, mbona sheria haikatazi?" Tulikubaliana kwamba pozi ni la macho: kwa kuonekana na kufichwa, kila roboti huhesabiwa kuwa silinda yenye upana wa kitako chake na kimo chake cha kusimama, isipokuwa imeangushwa kwa mujibu wa sheria. Baadhi ya wachezaji huona hilo linaua ladha. Mimi naona linaiokoa, kwa sababu mtu akijua kwamba pozi halimpi ushindi, ataikunja roboti yake ipendeze.

Sasa tunaandaa vita vya bwawa la Jinja, lile la Mto Nile lililofunguliwa 1954. Lina urefu wa zaidi ya mita 800, ambazo kwenye 1/144 ni karibu mita sita, kwa hiyo tutajenga kipande cha kati pekee. Kimo chake cha mita 30 hivi kitakuwa zaidi ya sentimita 20, yaani roboti moja na nusu. Kilichonivuta hapo ni joto. Katika BattleTech kila silaha unayofyatua huongeza joto ndani ya roboti, na ukizidisha inazimika, lakini roboti iliyosimama majini hupoa haraka zaidi, kwa sababu vipoozaji vilivyozama hufanya kazi maradufu, hadi nyongeza ya pointi sita kwa zamu. Atakayeshika mto chini ya bwawa atafyatua bila kuhofia joto, na atakayeshika juu ya ukuta ataona kila kitu lakini ataungua. Bado tunabishana kuhusu kina cha maji. Mimi nataka yafike magotini upande wa Buikwe na kiunoni upande wa Jinja, mwenzetu wa Arua anataka yawe sawa kote, na ukuta wa kadibodi haujapakwa hata rangi ya kwanza.