Jinsi nilivyomtoa wakili wangu na kesi ya watoto ikasonga

Miezi saba nilikua naambiwa na wakili wangu "usijali dadangu, faili iko kortini." Talaka yenyewe haikua na shida, Kadhi aliimaliza, shida ilikua watoto na matunzo, ambayo tulienda korti ya watoto hapa hapa Malindi. Nishalipa elfu thelathini na simu hashiki, nikimtumia meseji naona tiki mbili za buluu basi.

Siku moja nikachukua tuktuk kutoka Muyeye mpaka kortini, nikaenda masjala na namba ya kesi kwa kikaratasi. Karani akafungua faili, wallahi ni nyembamba kama daftari la nasari, ile ombi la matunzo ya muda niliyoambiwa ishapelekwa haimo! Na tarehe mbili zimepita hakuna aliyetokea upande wangu.

Basi nikamwandikia yule wakili barua fupi, nataka karatasi zangu na risiti za pesa, nikabaki na kopi iliyogongwa muhuri wa ofisi yake (hiyo muhuri ndio iliyomtisha nadhani). Nikapata wakili mwengine, huyu kwanza nikamtafuta kwa tovuti ya LSK (chama cha mawakili Kenya) kuona leseni yake ya mwaka huu iko hai. Akapeleka notisi ya kubadilisha wakili na ombi la matunzo pamoja. Wiki ya tatu tukapata amri ya muda, watoto wako kwangu, baba yao anawachukua wikendi na anatuma kwa Mpesa.

Pesa zangu yule wa kwanza bado namdai.