Siku moja na skripti yangu Kisumu: mazungumzo huja mwisho

Saa kumi na mbili asubuhi. Niko ufuoni Dunga, boti za omena, dagaa wa huku ziwani, zinaingia. Wavuvi wamekesha ziwani na taa zao. Akina mama wanawangoja na makarai. Skripti yangu ya filamu inamhusu Atieno, anayetaka kununua boti yake mwenyewe aepukane na jaboya, ule mtindo wa mvuvi kumwuzia mwanamke samaki kwa sharti la kulala naye. Siwezi kuiandika habari hii nikiwa chumbani tu.

"Mama, boti ikifika unaanza kwa kuuliza bei?"

"Bei ya nini, mwanangu, na samaki sijawaona?"

Anachota omena kiganjani, anazigeuza kwa kidole, ananusa, anamkazia macho mwenye boti. Hajasema neno. Nayaandika yote daftarini.

Saa tatu. Nyumbani Nyalenda, na hapa ndipo kazi ilipo. Kila onyesho lina kadi yake ukutani: nani anataka nini, nani anamzuia, mwishowe nini kimebadilika. Kama hakuna kilichobadilika, kadi naibandua, hata onyesho liwe tamu vipi. Kisha naandika onyesho lote bila mazungumzo. Kichwa kwanza: NJE. UFUO WA DUNGA – ALFAJIRI. Halafu vitendo, kile tu kinachoonekana na kusikika. Siandiki "Atieno ana hasira", maana kamera haiingii moyoni. Naandika: "Atieno anamwaga omena zote kwenye karai la mwenzake, anaondoka."

Wapo wanaoanza na mazungumzo na wanafaulu vizuri. Mimi nikiyatanguliza, wahusika hupiga soga kurasa nzima, na ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu.

Saa saba. Chakula, usingizi kidogo. Joto la Kisumu saa hizi halibishaniwi.

Saa tisa. Sasa maneno, na kwanza lugha. Atieno na mama mkwe wake wanaongea Kijaluo, na muuza injini Kiswahili. Mwana wa Atieno na wenzake ni Sheng, lugha ya vijana wa mjini. Kila mmoja namwandikia kwa lugha yake. Tafsiri ya chini ya picha itakuja baadaye. Siku Atieno atakapomjibu mkwewe kwa Kiswahili, mtazamaji wa Kondele, hapa hapa Kisumu, atajua papo hapo kwamba mambo yameharibika. Hakuna haja ya mtu kusema "tumekosana". Utajiri huu tunao bure huku kwetu, na naumia nikiona filamu ambamo nyanya na mjukuu wanaongea Kiswahili kimoja cha taarifa ya habari.

Saa kumi na moja jioni. Marafiki wanakuja kusoma kwa sauti. Mimi nasikiliza, msomaji akijikwaa, naweka alama. Leo dada anayemsoma Atieno amesimama katikati.

"Huyu hawezi kusema 'nimechoka' mbele ya mwenye boti. Pale atanyamaza. Atasema akifika nyumbani."

Nimeukata mstari hapo hapo na kuandika kadi ya onyesho la nyumbani.

Saa tatu usiku. Nachapa kwenye kompyuta, herufi za Courier, ukubwa wa 12. Kadi mpya imekaa kati ya ufuo na duka la injini, kwa hiyo mkopo wa boti, ule Atieno anaoutaka kwa chama chake cha kuweka na kukopeshana, lazima uingie mapema zaidi. Kesho nitaanzia kwa mweka hazina wa chama kimoja cha akina mama, nimuulize mtu anayetaka boti huweka dhamana gani.