Siku moja maishani mwangu: mitego ya panya Morogoro

Mimi ni fundi sanifu wa utafiti katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, katika kundi linalomchunguza panya shamba, ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis. Mwaka 1994 watafiti wa SUA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walipima uwanja wa hekta 3, wakaweka vituo 300 vya mitego vilivyoachana mita 10, kisha wakakubaliana kwamba kila baada ya wiki nne mitego itategwa kwa siku tatu mfululizo. Siku ninayoisimulia hapa ni ya pili katika mzunguko wa Machi.

Saa 11:30 alfajiri

Tunakutana stoo tukiwa watatu: mimi, mzee wetu wa mitego aliyeanza kazi hii mimi nikiwa bado shuleni, na mwanafunzi wa uzamivu kutoka Antwerp. Namwamkia mzee, naye akiisha kuitikia anatuambia kwamba mvua ya usiku imekatika mapema, kwa hiyo tujiandae kwa mitego mingi iliyofunga. Tunahesabu mifuko ya kitambaa, glavu, barakoa na penseli. Wino huyeyuka kwenye daftari lenye umande, na ndiyo maana kalamu za wino haziruhusiwi uwandani.

Saa 12:15 asubuhi

Tunagawana mistari. Mitego yetu ni masanduku ya bati jepesi la alumini yanayojifunga mnyama anapokanyaga kibao kilicho ndani, na jua likishapanda bati hilo hupata joto haraka, hivyo hatuna nafasi ya kuchelewa. Kila mtego uliofunga huinuliwa pamoja na namba ya kituo chake, kwa sababu mnyama lazima arudishwe palepale alipokamatwa. Akiachiwa mahali pengine, hesabu ya mwendo wake inaharibika, naye anajikuta katika eneo lisilo lake. Leo mstari wa kumi umetoa virukanjia wawili. Hao huachiwa kwanza kabisa, maana ni wadogo, hula wadudu, na hawawezi kukaa muda mrefu bila chakula.

Saa 2:00 asubuhi

Sasa kazi ya mezani inaanza, na hii ndiyo sehemu ya siku ninayoithamini kuliko zote. Panya mmoja mmoja anapimwa uzito kwa mizani ya springi, jinsia yake inaandikwa, kisha tunatazama hali ya uzazi: kwa dume, kama korodani zimeshuka, kwa jike, kama uke umefunguka, kama ana mimba, kama chuchu zinanyonyesha. Jike wa panya huyu anaweza kuwa na chuchu hadi 24, na uzao mmoja huwa na watoto kama 11 kwa wastani baada ya mimba ya siku 23 hivi, kwa hiyo anayeandika "amefunguka" au "hajafunguka" anaandika habari ya idadi ya panya watakaokuwepo mashambani baada ya miezi michache.

Alama ya kila panya, yaani namba anayopewa anapokamatwa mara ya kwanza kwa kukatwa ncha za vidole, husomwa kwa mpangilio wa vidole hivyo. Mimi nasoma, mwanafunzi anarudia kwa sauti, mzee anaandika, na pale tunapotofautiana panya anatazamwa upya. Tone la damu linachukuliwa kwenye karatasi ya chujio na kuachwa likauke. Karatasi hizi zina historia ndefu kuliko zinavyoonekana. Mwaka 2009 watafiti wa SUA, Antwerp na Taasisi ya Bernhard Nocht ya Hamburg, Ujerumani, walichapisha taarifa ya kirusi walichokipata katika panya shamba wa hapa, kikaitwa kirusi cha Morogoro. Kina undugu na kirusi cha homa ya Lassa, iliyotambuliwa Nigeria mwaka 1969, na ambayo huko Afrika Magharibi huenezwa na panya wa spishi hii hii. Cha kwetu hakijulikani kuwaletea watu ugonjwa, na kwa sababu hiyo kinatuwezesha kufuatilia jinsi kirusi cha aina hiyo kinavyopita kutoka panya hadi panya bila kuhatarisha maisha ya wanaofanya kazi. Hata hivyo glavu na barakoa havivuliwi, na mikono huoshwa kabla ya chai.

Saa 4:30 asubuhi

Chai na mihogo ya kuchemsha. Mama mmoja mwenye shamba la mahindi karibu na uwanja wetu anapita na jembe begani, anasimama, anatazama mifuko inayofunguliwa mistarini. "Mwanangu, mnawakamata halafu mnawaachia tena? Mbegu zangu wamezifukua juzi tu."

Swali lake ni la haki, nami silijibu kwa haraka. Namweleza kwamba, mama, tukiwaua hawa wa hekta 3 leo, wengine wataingia kutoka pembeni kabla ya mahindi yako kuota, na sisi tutakuwa tumepoteza njia ya kujua wanaongezeka lini. Namweleza pia kwamba mvua za vuli zikiwa nyingi, panya huanza kuzaa mapema, na masika inapofika watoto hao nao wameshakomaa. Mwaka 1997 jarida la Nature lilichapisha makala ya Herwig Leirs na wenzake wa Ulaya na Marekani, iliyotumia takwimu za panya wa Morogoro kuonyesha kwamba kuishi na kukomaa kwa panya hawa kunategemea mvua pamoja na msongamano wao wenyewe. Mama anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza: "Basi mwaka huu mbona hamkutuambia?" Nimeliandika swali hilo ukurasa wa nyuma wa daftari, nalipeleka kwenye kikao cha mchana.

Saa 6:00 mchana

Kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Mmoja anasoma, mwingine anachapa, kisha tunabadilishana.

Saa 8:00 mchana

Ubelgiji ni saa 6 mchana, na wenzetu wanaingia kwenye kikao kwa video. Ajenda ya kwanza imetoka kwao: je, kwa kuwa fedha za mwaka huu ni chache, hatuwezi kutega siku mbili badala ya tatu? Mwanafunzi aliyeko hapa anaanza kueleza upande wa hesabu. Ndani ya siku tatu tunachukulia kwamba idadi ya panya haijabadilika, na kwa kulinganisha waliokamatwa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu tunakadiria uwezekano wa panya aliyepo kukamatwa. Bila kadirio hilo, upungufu wa panya mitegoni hauwezi kutofautishwa na upungufu wa panya shambani. Mzee anaongeza lile analolijua kwa mikono yake, kwamba panya wengi wageni na mitego huonekana siku ya pili na ya tatu, kwa hiyo ukiondoa siku moja unawaondoa wao. Anazungumza Kiswahili, nami nafasiri. Upande wa pili wanakaa kimya kidogo wakiangalia grafu zao, kisha wanakubali kwamba siku tatu zibaki na fedha zipunguzwe kwingine.

Nimewahi kufanya kazi katika mradi mmoja, siutaji, ambao sampuli ziliondoka na majadiliano hayakurudi kamwe kwa waliozikusanya. Ndiyo maana ninakilinda kikao hiki. Mzee wa mitego hana shahada, lakini hoja yake imeingia kwenye uamuzi kabla uamuzi haujafanyika, na kwangu mimi bila hilo hatungekuwa na haki ya kuuita mpango huu ushirikiano.

Kisha nasoma swali la yule mama. Kumbukumbu zetu za Januari zinaonyesha majike wengi waliokwisha kufunguka, dalili ambayo kila mmoja wetu aliiona na hakuna aliyeipeleka nje ya kundi. Mjadala unachukua muda kuliko ajenda zote.

Saa 10:00 jioni

Tunarudi uwanjani kutega upya. Chambo ni karanga zilizosagwa zikachanganywa na unga wa mahindi, kibonge kidogo kwa kila mtego, na kile cha jana kinatolewa kwa sababu sisimizi hukivamia.

Saa 12:30 jioni

Karatasi za damu zimekauka, zimefungwa na kuwekewa namba. Nabaki ofisini nikiandika, kama tulivyokubaliana mchana, barua ya ukurasa mmoja kwa afisa ugani, ambayo kuanzia mwaka huu itatoka kila Januari pamoja na grafu ya hali ya uzazi kutoka Antwerp. Ya sasa imechelewa, lakini wapo ambao hawajapanda: inawashauri majirani wapande katika wiki zilezile, wafyeke kingo za mashamba, na wanaotumia sumu waitumie kwa pamoja kabla ya kupanda badala ya kila mmoja kwa wakati wake. Mzee ameisoma rasimu na kutaka aya ya kwanza iandikwe upya, ianze na mbegu na si na panya.