Siku moja na mchoro wa pampu za Nakivale

Saa 1 asubuhi. Boda kutoka Kyaliwajjala hadi Ntinda, kabla foleni haijafunga barabara. Rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, naila nikifika.

Saa 2. Kazi yangu ni kuchora mfumo na kuuhoji kabla hata waya haujanunuliwa. Wiki hii ni kisima cha sola katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro: paneli, pampu, tangi, kidhibiti, na modemu mbili za kutuma taarifa Kampala. Naanza na jedwali la utegemezi, njia aliyoieleza mtafiti Donald Steward mwaka 1981. Vipengele vyote unavipanga kwenye safu mlalo, kisha kwa mpangilio uleule kwenye safu wima, na unatia alama pale kimoja kinapotegemea kingine. Kulijaza kunachosha, sikatai. Ila leo alama zimerundikana kwenye safu ya mtandao: hata pampu inangoja amri ya seva iliyoko Kampala ndipo iwake!

Saa 4. Tathmini. Tunafuata ATAM, mbinu ya kupima usanifu wa mfumo iliyotoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh. Hapo huulizi kama mfumo ni mzuri. Unaleta kisa, kisha unauliza mfumo utajibu vipi na kwa muda gani. Wadau ndio wanaoleta visa, kwa hiyo tunampigia mama wa Kikongo anayesimamia bomba.

"Jambo mama."

"Jambo mwanangu. Rezo ikikatika siku tatu, maji itatoka?"

Rezo ni mtandao. Chumba kizima kimya. Kisa hicho nimekiweka juu kabisa ya orodha.

Saa 6. Kwenye karatasi jibu lilikuwepo: laini mbili za kampuni mbili. Tuseme kila moja hupatikana asilimia 90 ya wakati. Zote kukosekana pamoja ni 0.1 mara 0.1, yaani asilimia 1 tu. Hesabu safi, lakini inasimama endapo kila laini inakatika kwa sababu zake. Hapa Uganda kampuni za simu mara nyingi hukodi mnara mmoja. Jenereta la mnara likiishiwa dizeli, laini zote mbili zinakwenda, na modemu ya pili inabaki kula betri bure.

Saa 7, chakula: katogo ya ndizi. Upesi.

Saa 8. Mabishano. Mimi nataka uamuzi ubaki kisimani: swichi ya floti iiambie pampu tangi limepungua, kidhibiti kihifadhi taarifa na kuzituma mtandao ukirudi. Mwenzangu wa usalama anapinga, na ana hoja: kinachoamuliwa kisimani kinaweza kuchezewa kisimani. Mhasibu yeye anataka ripoti kila jioni. Kiwango cha kimataifa cha kueleza usanifu wa mifumo, ISO 42010, toleo la 2022, kinataka hoja za kila mdau zitajwe na kuwe na mtazamo unaozijibu, basi nachora michoro miwili badala ya kumlazimisha mhasibu asome nyaya. Bosi anapenda ule mmoja mkubwa wenye rangi kwa ajili ya wafadhili. Kwangu ule ni pambo la ukutani.

Saa 11 jioni. Modemu ya pili imetoka kwenye orodha ya manunuzi, floti imeingia. Nenosiri la kidhibiti akae nalo nani, fundi wa Mbarara au mama wa bomba? Hatujaelewana. Kesho tunampigia tena.