Hilux yangu chongo

Apendaye, chongo huita kengeza. Hilux yangu ya 1994 nimeipenda miaka kumi na moja sasa, kwa hiyo taa ya kushoto ilipoanza kufifia nilijisemea ni vile vijidudu vya ziwani, vinavyopanda kama moshi halafu vinaganda kwenye kioo. Nikafuta kwa kanga. Wapi.

Mimi natoka mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, saa kumi usiku na magunia ya dagaa, niwahi Misungwi kabla wanunuzi hawajapoa. Ukishapita Usagara, kushoto ndiko kwenye watu: wa baiskeli za mkaa, watoto wanaokwenda kuchota maji, ng'ombe asiye na mwenyewe. Na kushoto nilikuwa na taa nyekundu kama ncha ya sigara.

Fundi wa kwanza: "Mama, balbu." Nikanunua, ikawaka siku mbili. Wa pili akasema balbu ile ilikuwa feki, nikanunua ya bei. Ikanifikisha Buhongwa. Wa tatu alichomeka testa nyuma ya soketi, ikawaka kiunyonge, akasema moto upo, kwa hiyo balbu. Na huyo nikamlipa.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja fundi umeme, Mkuyuni. Shikamoo, marahaba, halafu kabla hata hajafungua boneti akauliza: "Ukiweka dimu, ile taa ya bluu kwenye dashibodi inawaka kwa mbali?"

Inawaka! Wiki tatu nilikuwa naiona na sikumwambia mtu. Bluu ni ya fulu, mwanga wa mbali, si ya dimu, mwanga wa chini; nikadhani ni uzee tu.

Akanieleza huku anafuta mikono. Balbu ya H4, yenye nyuzi mbili zinazowaka ndani, wa dimu na wa fulu, ina miguu mitatu. Kwenye Toyota nyingi za zamani, mguu mmoja unapokea moto kutoka kwenye fyuzi, na swichi inakata au kuunga ethi, yaani njia ya umeme kurudi, ya ile miwili mingine, dimu na fulu. Kila upande una fyuzi yake. Moto wa kushoto ukikatika, umeme unazunguka: unaingia balbu ya kulia, unapita uzi wake wa fulu, unavuka kuja kushoto na kupita nyuzi zote mbili za huku ndipo ukute ethi. Nyuzi tatu zinagawana volti 12. Ndiyo ule wekundu, na ndiyo bluu inayowaka nusu. Testa ya fundi wa tatu nayo ilikuwa inaonyesha huo huo umeme wa kuazima.

Mzee yeye alichomoa soketi kwanza, ndipo akapima. Kavu. Hakuna kitu.

Fyuzi ilikuwa nzima. Lakini alipoichomoa, meno yanayoishika yalikuwa na ukoga wa kijani na plastiki imelainika. Dimu ni wati 55, karibu amp 5 muda wote taa imewashwa. Pakiwa na kutu panachemka, meno yanalegea, kutu inazidi. Kila fundi aliyefungua boneti alikuwa anatikisa lile boksi bila kujua, fyuzi inashika kidogo, balbu mpya inapata sifa.

"Nani anakuoshea injini?" akauliza.

Nikanyamaza. Kuna kijana wa ufukweni ana mashine ya presha, na ni mimi niliyemwambia, "Na humu ndani piga, inang'ae." Bila kufunika chochote.

Akakata yale meno, akaunga mapya na waya mnene, akasugua ethi mbili za kwenye bodi kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akapaka grisi. Mita ikasoma volti 13.6 kushoto, 13.7 kulia, injini ikinguruma. Shilingi 15,000, na chai nikamnunulia.

Balbu mbili nilizobadilishiwa bado ziko kwenye droo ya gari. Zote zinawaka.