Swali la mafuta ya kupikia lililonipa kazi ya uchambuzi wa soko

Vijana wanaoniuliza jinsi ya kuwa mchambuzi wa utafiti wa soko huanza na programu: nisomee Eksel, SPSS au R? Zote nilizisomea, na kila moja ina kazi yake. Ila mimi kazi hii niliijulia milangoni, mtaa wa Kayole, Nairobi, nikiwa na tableti mkononi na jua la saa nane kichwani.

Nilikuwa na digrii ya takwimu na nimetuma maombi hadi nikachoka. Nikapata kibarua cha kuhoji watu, malipo kwa kila hojaji iliyokamilika.

Huko hugongi mlango unaoupenda. Unaanzia ulipopangiwa, tuseme kanisani au stejini, unaruka idadi fulani ya nyumba, na ukikaribishwa hutakiwi kumhoji tu yeyote aliyekufungulia. Unaorodhesha watu wazima wa nyumba hiyo, kisha jedwali linakuchagulia mmoja, utaratibu aliouandika mtaalamu wa takwimu Leslie Kish mwaka 1949. Aliyechaguliwa akiwa kazini, unarudi jioni. Inachosha mno, ndiyo maana wengine hukaa kivulini wakapika takwimu, mpaka msimamizi awapigie simu wanaodaiwa kuhojiwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Watu 385 wanaweza kuusemea mji huo wote, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 juu au chini (yaani ukirudia utafiti mara 100, kama mara 95 jibu litakuwa ndani ya pointi tano za ukweli), mradi wamechaguliwa kwa nasibu. Chuoni hiyo ilikuwa fomula ya mtihani. Kayole nilielewa kwamba nikidanganya kwenye nyumba moja, nimewadanganyia maelfu.

Siku moja nilimhoji mama mmoja kwenye ploti ya orofa nne. Hojaji iliuliza: kwa mwezi mnatumia lita ngapi za mafuta ya kupikia? Akanitazama kwa huruma.

"Kijana wangu, mwezi ni wa watu wa mshahara. Mimi nanunua ya leo."

Akanyanyua chupa ya soda iliyokuwa dirishani. Chini kabisa mlikuwa na mafuta ya kupimiwa, ya shilingi ishirini, ya kukaangia sukuma ya jioni. Kando yake kipande cha sabuni kilichokatwa dukani na pakiti ndogo ya majani ya chai. Kadogo: kununua kidogo kidogo, ya siku hiyo tu. Nikakumbuka "lita mbili", "lita tatu" zote nilizoandika wiki hiyo. Watu walikuwa wakinipa namba ili niende zangu kwa amani.

Usiku huo nilimwandikia msimamizi: tuulize, jana mlinunua mafuta? Ya pesa ngapi? Wapi? Akaniruhusu nijaribu nyumba thelathini. Majibu yalikuja bila kusitasita, hata jina la duka.

Kampuni nyingine ilipotangaza nafasi ya mchambuzi, nilibeba kurasa mbili: swali la zamani na majibu yake, swali jipya na majibu yake, pamoja na chati moja niliyochora mwenyewe. Karibu mahojiano yote yalikuwa juu ya kurasa hizo. Cheti waliangalia mwishoni.

Hadi leo hojaji ikifika mezani kwangu, natafuta kwanza neno "mwezi". Nikilikuta, napanda matatu ya Kayole kabla swali halijaenda kwa wahojaji.